Sura ya Sita: Kufyata Ulimi kwa Herufi Tatu

Asubuhi ya tarehe 14 Februari 1929, ndani ya gereji moja ya mtaa wa North Clark mjini Chicago, watu saba walipangwa ukutani wakamiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Polisi wa kweli walipofika walimkuta mmoja tu angali akipumua. Alikuwa Frank Gusenberg, wa genge la George Moran, na mwilini alikuwa na matundu 14 ya risasi. Akaulizwa ni nani aliyempiga. Akajibu kwamba hakupigwa na mtu. Hospitalini polisi walikaa kando ya kitanda wakimrudia na swali lilelile, na baada ya kama saa tatu alikata roho, majina yote yakiwa tumboni mwake.

Miezi mitatu nyuma, New York ilikuwa imeshuhudia kisa cha namna hiyo. Arnold Rothstein, mcheza kamari aliyesadikika kuwa nyuma ya njama ya kuuza fainali za besiboli za mwaka 1919, alipigwa risasi ya tumbo katika hoteli ya Park Central usiku wa tarehe 4 Novemba 1928. Aliishi hadi siku ya pili, wapelelezi wakiingia na kutoka. Alikataa kumtaja aliyempiga. Akafa tarehe 6, siku ambayo Wamarekani walikuwa vituoni wakimpigia kura Herbert Hoover.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mhariri wa zamu. Mwandishi wako amerudi kutoka hospitali na daftari tupu. Habari, kwa desturi, ni jambo lililotendeka au neno lililosemwa. Hapa kiini cha habari ni lile ambalo halikusemwa. Kichwa cha habari kinadai kitendo, nawe mkononi huna ila mtu aliyekataa kutenda. Waandishi wa Kimarekani wa enzi hiyo walikuwa na kijineno cha kuwatoa kwenye tabu hiyo. Ni *mum*, herufi tatu ambazo maana yake, kwa Kiswahili cha mtaani, ni kwamba fulani kafyata.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko magazeti. Limetokana na sauti: ukibana midomo na bado ukataka kutoa sauti, kinachotoka puani ni "mmm", kama vile Mswahili anavyoguna "mh!" anapojua jambo na hataki kulisema. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi William Langland, katika utenzi wake mrefu wa Piers Plowman, aliwacheka mawakili wa London kwa kusema kwamba ni rahisi kupima ukungu juu ya vilima vya Malvern kuliko kupata hata "mum" moja kinywani mwao kabla hujawaonyesha fedha. Hapo neno lilikuwa bado ni sauti, ile ndogo kabisa ambayo kinywa kinaweza kutoa bila kufunguka. Baadaye lilitumika kwa kule kufunga mdomo kwenyewe.

Shakespeare alilipenda. Katika sehemu ya pili ya Henry VI analiweka kinywani mwa kasisi mla rushwa anayejihimiza kutunza siri. Katika The Merry Wives of Windsor analifanya nusu ya neno la siri: kijana Slender amwendee msichana aliyevaa nguo nyeupe, yeye aseme "mum" na binti ajibu "budget", ndipo wajuane wakatoroke wakaoane. Anayejibu ni mvulana aliyevishwa nguo za kike. Mizaha ya Shakespeare haichoki haraka, na huu mmoja unatufaa, kwa sababu unaonyesha kwamba tangu zamani neno hili liliambatana na mtu mwenye jambo la kuficha. Ukimya wa mtu aliyelala haukuitwa hivyo, wala ule wa msikitini au wa shambani saa sita za mchana. Ulioitwa hivyo ni ukimya wa anayejua.

Tofauti hiyo ndiyo iliyolipa thamani katika vyumba vya habari. Kiingereza kina maneno mengi ya kimya, na lililo jepesi kuliko yote ni *silent*. Lakini *silent* ni hali tu. Bahari inaweza kuwa *silent*, na maiti vilevile. Ukiandika kwamba meya ni *mum* kuhusu fedha za barabara, umeandika mengine mawili bila kuyaandika: kwamba meya ameulizwa, na kwamba meya anajua. Wakili wa meya hawezi kukushitaki. Hukusema ameiba, wala hukusema anaficha. Umesema hakusema, na hilo ni kweli mbele ya hakimu yeyote. Lawama yote imekaa ndani ya neno, na neno lenyewe halina alama ya kidole cha mtu.

Wasomi wa magazeti wamezoea kueleza jambo hili kwa hoja ya nafasi, na hoja hiyo ina ukweli. Safu za magazeti ya zamani zilikuwa nyembamba, na herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi: mstari ukizidi, hauingii, na hakuna namna ya kuubana. Kwa hiyo wahariri wasanifu waliishi kwa kuhesabu. Katika hesabu iliyozoeleka, herufi ndogo nyingi zilikuwa kizio kimoja. Zile nyembamba, kama i, l, f, t na j, nusu. Na wanene wawili, m na w, kimoja na nusu. Herufi kubwa zilihesabiwa kizio kimoja na nusu, M na W viwili, I nusu. Mhariri msanifu mzuri alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukiandika, na kelele za chumba hazikumpotezea hesabu.

Tufanye hesabu yao basi. Kwa herufi kubwa, ambazo ndizo zilizotawala vichwa vya habari vya karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20, MUM ni vizio vitano na nusu, na SILENT ni vinane. Hapo mhariri ameokoa nafasi ya kutosha. Lakini magazeti yalipohamia kwenye herufi ndogo, faida ikayeyuka. Kwa herufi ndogo, neno letu, kwa sababu ya zile m mbili zenye makalio mapana, ni vizio vinne kamili. *Silent*, ambalo ni mara mbili yake kwa idadi ya herufi, ni vinne na nusu tu, kwa kuwa i, l na t hazichukui nafasi. Nusu kizio! Kwa nusu kizio hakuna mhariri angeacha neno la heshima akachukua la mtaani. Hata hivyo neno halikuondoka. Lilibaki kwenye vichwa vya habari vya Marekani muda wote huo, na hata leo utalikuta huko.

Nadhani sababu ni kwamba mshindani wake wa kweli hakuwa *silent*. Mshindani wake ni sentensi nzima: "akataa kuzungumza". Kwa Kiingereza hiyo ni karibu vizio 12, mara tatu ya *mum*. Wahariri walikuwa wakitafuta jina fupi la kitendo cha kukataa, nalo lilikuwepo tayari, likiwasubiri tangu enzi za Langland. Lilijiunga na ukoo wa maneno mafupi ambayo Mmarekani huyasoma kila asubuhi gazetini na hayatumii akiongea na mkewe: neno la herufi tano kwa uchunguzi, la herufi tatu kwa kukamata, la herufi tatu kwa kupiga marufuku. Gazeti la burudani la Variety ndilo lililofika kileleni mwa ufundi huu, tarehe 17 Julai 1935, kwa kichwa cha maneno manne ambayo sauti zake zilikaribiana, kikieleza kwamba watu wa mashamba hawataki filamu za maisha ya mashamba. Lakini hao walikuwa wakicheza. Wahariri wa magazeti ya kawaida walikuwa wakifanya kazi, na *mum* lilikuwa chombo cha kazi.

Kama kuna mtu aliyezaliwa kwa ajili ya neno hili, ni Rais Calvin Coolidge. Jina lake la utani lilikuwa Cal Mkimya, na vichekesho kuhusu ububu wake vingejaza sura nyingine. Ukweli ni wa kuchekesha zaidi ya vichekesho. Coolidge alikutana na waandishi wa Ikulu mara mbili kwa wiki, na hadi anaondoka mwaka 1929 alikuwa amefanya mikutano zaidi ya 500. Ni marais wachache waliozungumza na waandishi mara nyingi hivyo. Ila masharti yake yalikuwa makali. Maswali yaandikwe kabla na kuletwa kwenye vikaratasi, naye atachagua ya kujibu. Na atakachosema kisinukuliwe kwa jina lake. Waandishi walilazimika kuyatia maneno ya rais kinywani mwa "msemaji wa Ikulu", mtu ambaye hakuwa na uso, wala mshahara, wala kiti. Hivyo rais alisema kila wiki na kila wiki akahesabika kuwa amenyamaza. Sijui ukimya mwingine uliotengenezwa kwa maneno mengi kiasi hicho.

Kilele kilikuwa tarehe 2 Agosti 1927. Coolidge alikuwa mapumzikoni katika milima ya Black Hills, jimbo la South Dakota, na ofisi yake ilikuwa katika shule ya sekondari ya mji wa Rapid City. Ilikuwa imetimia miaka minne tangu aukalie urais kwa kifo cha Warren Harding. Waandishi wakaitwa, wakapanga foleni, na kila mmoja akapewa mkononi kikaratasi chenye sentensi moja: kwamba hachagui kugombea urais mwaka 1928. Wakauliza kama ana la kuongeza. Hakuwa nalo. Waandishi wakakimbilia simu.

Hapo ndipo neno "hachagui" lilipoanza kuwatesa watu. Je, alimaanisha hataki kabisa? Au hachagui yeye, ila akichaguliwa na chama hatakataa? Kwa miezi kadhaa wanasiasa na wahariri walilivunjavunja kama mafundi wa sarufi, na Coolidge akawaacha walivunje. Ukimya uliofuata baada ya sentensi ile ulikuwa habari kubwa kuliko sentensi yenyewe, kwa sababu kila siku aliyokaa bila kufafanua ilikuwa siku mpya ya kuandika kwamba bado hajafafanua. Magazeti yaligundua hapo kitu ambacho hayajakisahau: mtu akisema, habari imekwisha, akinyamaza, unaweza kuichapisha tena kesho.

Ng'ambo ya Atlantiki neno hilohilo lilikuwa na mkosi. Kwa Mwingereza, *mum* ni mama. Mhariri wa London akiandika kwamba fulani ni *mum*, nusu ya wasomaji wake watauliza amezaa lini. Kwa hiyo magazeti ya Uingereza hayakulitumia kwa uhuru wa wenzao wa Marekani, mpaka vita ikaja na serikali yenyewe ikaamua kuutumia huo utata. Mnamo 1940 na 1941, Wizara ya Habari ya Uingereza ilisambaza bango la kuwaonya watu wasiropoke mbele ya masikio ya adui. Bango liliwaambia wafanye kama baba, na maneno mawili yaliyofuata yalisomeka kwa namna mbili: nyamaza, au mtunze mama. Ndiyo maana alitajwa baba, maana baba ndiye anayemlisha mama. Mtu aliyelibuni bila shaka alijipongeza.

Edith Summerskill hakucheka. Alikuwa daktari na mbunge wa chama cha Labour, na mwaka 1941 alisimama bungeni kulalamika kwamba bango hilo linawadhalilisha wanawake. Walikuwa viwandani wakitengeneza mabomu, walikuwa kwenye magari ya wagonjwa, na serikali ilikuwa ikiwataja kama watu wa kulishwa. Nikilitazama bango hilo leo naona alikuwa na haki. Mwaka uliofuata likatoka jingine lenye neno lilelile: mrembo amejilaza kwenye kochi, maofisa wa majeshi yote matatu wamemzunguka wakipiga soga, na maandishi yanaonya kwamba bibi huyo si mjinga kama wanavyodhani. Sijui kama hilo lilimfurahisha mheshimiwa daktari zaidi.

Mpaka hapa tumeona neno likielekezwa kwa wengine: jambazi, rais, meya, mwananchi anayeambiwa achunge ulimi. Lakini vita hiyohiyo ilileta ukimya wa aina ya pili, ambao haukuwekewa kichwa cha habari hata kimoja. Huo ni ukimya wa gazeti lenyewe.

Mnamo Desemba 1941, baada ya shambulio la Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt aliunda Ofisi ya Udhibiti wa Habari na kumkabidhi Byron Price, mhariri mwandamizi wa shirika la Associated Press. Price hakupenda makasi. Alichapisha kijitabu cha miongozo mwezi Januari 1942 na kuwaomba wahariri wajichunge wenyewe: msitaje meli zinakokwenda, msitaje vikosi vilipo, msitabiri hali ya hewa kwa undani. Na wahariri wakajichunga, wengi wao kwa uaminifu wa kushangaza. Tarehe 28 Juni 1943 wakapelekewa barua ya siri iliyowaomba wasiandike chochote kuhusu majaribio ya kupasua atomu, wala kuhusu madini fulani, yuraniamu ikiwa mojawapo. Fikiria maelfu ya wahariri wakisoma barua hiyo. Waliambiwa wasiandike jambo ambalo wengi wao hawakuwa wakilijua, na kwa kuambiwa hivyo wakajua kwamba lipo. Yalipenyeza machache hapa na pale, lakini kwa ujumla magazeti yalifyata, hadi asubuhi ya Agosti 1945 yalipoliandika jina la Hiroshima kwa herufi kubwa kuliko zote yalizokuwa nazo.

Hakuna gazeti lililojiandikia kwamba lenyewe limekuwa *mum* kwa miaka miwili. Neno lilikuwa la kutazama nje. Silaumu kunyamaza kwenyewe. Siri ile ilikuwa siri ya vita, na mhariri angekuwa na sababu nzuri za kuitunza. Ninachokitia alama ni kwamba lugha ya chumba cha habari, iliyokuwa hodari wa kuwataja walionyamaza, haikuwa na hata silabi moja ya kujitajia.

Aliyevunja ukimya wa namna hiyo alilipa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 1945, waandishi 17 walipelekwa Reims, Ufaransa, kushuhudia Ujerumani ikitia sahihi ya kujisalimisha. Walikuwa wameapishwa kutotangaza mpaka waruhusiwe, na baadaye wakaambiwa wasubiri saa 36, kwa kuwa Stalin alitaka hafla yake mjini Berlin. Edward Kennedy wa Associated Press alisubiri kwanza. Kisha redio ya Wajerumani huko Flensburg ikatangaza habari hiyohiyo. Kennedy akaona kwamba siri iliyokwisha kutangazwa na adui si siri tena, wala hakuna askari atakayeokolewa kwa kuificha. Kinachotunzwa sasa ni ratiba ya wanasiasa. Akapata laini ya simu ya jeshi ambayo haikuwa ikichunguzwa, akapiga London, akaisoma habari. Dunia ikajua vita imekwisha Ulaya. Wenzake wakamlaani kwa kuwavunjia ahadi, jeshi likamfukuza, na mwajiri wake akamwachisha kazi. Kennedy alikufa mwaka 1963. Mwaka 2012 Associated Press ilimwomba radhi, na mkuu wake wa wakati huo, Tom Curley, akasema wazi kwamba shirika lilikosea.

Baada ya vita, wanaoulizwa nao wakapata silaha yao. Mwanzoni mwa 1946 Winston Churchill, akiwa ziarani Marekani, alitoka kuonana na Rais Truman na waandishi wakamzunguka. Aliwajibu kwa maneno mawili tu, kwamba hana la kusema, kisha akaongeza kwa furaha kwamba hiyo ni kauli nzuri sana, anaitumia mara kwa mara, na amejifunza kwa mwanadiplomasia wa Kimarekani Sumner Welles. Ulikuwa utani, lakini uligeuza mchezo. Mpaka hapo aliyenyamaza alikuwa anaandikwa. Sasa alijiandikia mwenyewe. Alimpa mwandishi nukuu iliyokwisha kupikwa, yenye alama za kufungua na kufunga, ambayo ndani yake hamna kitu. Mhariri ambaye jana angeandika kwamba waziri kafyata, leo ana nukuu ya waziri. Na nukuu, kwa desturi ya kazi, hupewa heshima yake.

Televisheni ikaongeza lake. Machi 1951, kamati ya Seneta Estes Kefauver ilipokuwa New York ikichunguza magenge ya uhalifu, mmoja wa wakuu wa magenge hayo, Frank Costello, aligoma uso wake kuonyeshwa kwenye televisheni. Kamera zikashushwa mezani. Kwa siku kadhaa mamilioni ya Wamarekani walitazama mikono miwili ikichezea karatasi, ikikamua kitambaa, ikishika glasi ya maji, huku sauti ya kukwaruza ikikwepa maswali au kukataa kuyajibu. Kisha Costello akainuka na kutoka nje. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kulidharau Bunge. Magazeti ya asubuhi yalikuwa na shida mpya: msomaji alikwisha kuuona ukimya kwa macho yake, na neno la herufi tatu lingemwambia nini zaidi ya mikono ile?

Taratibu lugha ya kunyamaza ikawa ndefu na yenye adabu. "Amekataa kuzungumzia." "Hakupatikana." "Hakujibu maombi ya maoni." Magazeti ya Kiswahili yana yake, na msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuyakariri usingizini: alipotafutwa kwa simu ya kiganjani, simu yake iliita bila kupokelewa, alipopokea alisema yupo kikaoni atafutwe baadaye, alipotafutwa baadaye, alisema yeye si msemaji. Siku hizi imeongezwa ile ya WhatsApp, kwamba ujumbe ulionekana kusomwa lakini haukujibiwa, tiki mbili za bluu zikawa ushahidi. Mimi nazipenda sentensi hizi. Zimeandikwa kwa hasira iliyopigwa pasi. Vichwa vya habari vyetu navyo havikosi ukali: serikali "yapata kigugumizi", mbunge "agoma kuzungumza", msanii "avunja ukimya", na akishauvunja basi "afunguka". Kigugumizi hasa ni uvumbuzi wa kupigiwa makofi. Mwingereza anasema kiongozi kafunga mdomo. Sisi tunasema anajaribu kuufungua, unakataa.

Kwa wasomaji wengi sentensi hizo ni za kurukwa tu, ila ndani yake mna swali zito ambalo halijibiwi na neno lolote: mtu asiyejibu, amejibu nini? Waandishi wawili wa Washington Post waliwahi kulijibu kwa haraka, wakaumia.

Oktoba 1972 Carl Bernstein na Bob Woodward walikuwa wakifuatilia fedha za siri za kampeni ya Rais Nixon, zile zilizohusishwa na uvamizi wa ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Walikuwa na majina ya watu waliokuwa na mamlaka juu ya fedha hizo, wakabakiwa na jina moja zito: H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu. Walitaka kuandika kwamba Hugh Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni, alimtaja Haldeman mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama. Bernstein akampigia mwanasheria wa Wizara ya Sheria. Yule hakuwa tayari kusema lolote, sheria haikumruhusu. Bernstein akabuni njia. Nitahesabu mpaka kumi, akamwambia. Kama kuna sababu ya sisi kuisimamisha habari hii, kata simu kabla sijafika kumi. Ukiwa bado upo, nitajua iko sawa.

Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi, mwanasheria alikuwa bado yupo kwenye laini. Bernstein akashukuru, na habari ikachapishwa tarehe 25 Oktoba.

Asubuhi hiyo wakili wa Sloan alisimama mbele ya kamera na kukanusha: mteja wake hakusema hivyo mbele ya jopo. Msemaji wa Ikulu, Ron Ziegler, akalishambulia gazeti kwa muda mrefu na kwa furaha isiyofichika. Wale vijana wawili walizungumzia kujiuzulu. Mhariri wao, Ben Bradlee, akatoa tamko fupi kwamba gazeti linasimama na habari yake, ingawa wakati anaandika tamko hilo hakujua kosa liko wapi. Ilikuja kubainika kwamba mwanasheria wa Wizara ya Sheria alikuwa ameyapindua maelekezo: alidhani kubaki kwenye simu ndiko kunakomaanisha habari isimamishwe. Ukimya wake wa hesabu ya kumi ulikuwa ni hapana, na mpokeaji aliusoma kuwa ndiyo.

Kilichowakera zaidi ni kwamba habari yenyewe, kwa kiini chake, haikuwa ya uongo. Haldeman kweli alikuwa na mamlaka juu ya zile fedha, na Sloan alilijua hilo. Hakulitaja jina lake mbele ya jopo kwa sababu hakuna aliyemuuliza.